Kabla Hujaja Kumchukua Mama

Jumanne, saa nne asubuhi

Kwa wifi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, nikitumaini barua hii itakukuta mguu umepona pale ulipojimwagia mafuta ya moto, na kwamba wakubwa wako wa hotelini wamekupunguzia zamu kama walivyoahidi. Sisi huku tunapumua. Bonge ameacha kukohoa, ana meno mawili ya chini na anang'ata kila anachokifikia, bega langu likiwemo. Mdogo wako anakwenda kazini kama kawaida, anatengeneza mafriji ya watu na letu linangoja zamu yake. Mama mwili wake haujambo. Hayo mengine juu yake ndiyo yaliyonikalisha hapa na kalamu.

Najua utashangaa kupata barua wakati juzi tu tumeongea kwa simu. Wifi, simu ina pembe nyingi za kujifichia. Nikianza neno zito mtoto atalia, au wewe utaitwa jikoni, nami nitashukuru moyoni na kusema basi tutaongea siku nyingine. Karatasi haina haraka hiyo. Nimemwomba dereva wa gari la mizigo, yule yule aliyetuletea jiko, akukabidhi mkononi kesho kutwa, ili uwe umesoma mpaka mwisho kabla ya Jumamosi. Ulisema Jumamosi unakuja kumchukua mama akaishi kwako, kwa sababu ya ule moto. Basi nataka uujue moto wenyewe tangu mwanzo, maana ulielezwa nusu, na hiyo nusu nayo haikuwa sawa.

Jiko lilifika salama. Wanaume wanne walilishusha, na bado fundi viatu wa kona akaja kushika mguu mmoja ili naye ahesabiwe. Mdogo wako alilizunguka akilipigapiga tumbo kama mtu anayenunua ng'ombe. Tuliliweka kwenye banda la nyuma, lile la mbao lenye paa la bati lililoegemea ukuta wa chumba cha mama, kwa sababu ndipo penye kivuli na ndipo waya mrefu wa umeme unapofika. Wewe ulikuwa umeandika likae hatua tano kutoka ukutani. Hatua tano kutoka ukutani ni uani kwa jirani mshonaji, wifi, kwa hiyo tuliliweka hatua mbili tu.

Karatasi yako ya maelekezo niliibandika kwa gundi kwenye mlango wa banda, na niliisoma mpaka nikaweza kuisema bila kuiangalia. Zile punje za mbao ulizozituma kwenye magunia mama alidhani ni chakula cha sungura, akaniuliza sungura wenyewe wako wapi. Nikamweleza kama ulivyonieleza, kwamba ni vumbi la mbao lililokandamizwa likawa punje. Kwamba zinamiminwa kwenye sanduku la ubavuni, halafu skrubu ndefu kama ile ya mashine ya kusagia nyama inazisukuma ndani ya bomba, kidogo kidogo, hadi kwenye kikombe cha moto, na feni inapuliza. Kwamba umeme ndio unaoamua ziingie ngapi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema basi hili si jiko, ni mgonjwa wa kulishwa kwa kijiko.

Siku ya kwanza hatukupika kitu. Uliagiza tuliwashe tupu na kulipandisha joto saa nzima, liunguze mafuta ya zamani na sabuni tuliyoliosha nayo. Majirani walikuwa wameshasikia kwamba tumeletewa jiko la hoteli, wakapita mmoja mmoja uani wakijifanya wanatafuta kuku aliyepotea. Mshonaji aliuliza kinapikwa nini. Mama akamjibu tunapika hewa, asubiri kidogo tutampakulia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na Bonge mgongoni, nikiangalia namba zikipanda kwenye kile kioo kidogo, na kusema kweli niliogopa. Tangu nijifungue sijafanya kazi ya mkono wangu hata moja. Uliponiambia kwamba jiko hili ni langu, si la mdogo wako, na kuku nitakaowakausha kwa moshi ni kazi yangu, sikulala vizuri siku mbili. Nilitamani sana nisiliharibu.

Siku ya pili niliharibu. Niliweka kuku wawili, nikafunika, nikangoja moshi. Wifi, sisi tuliozoea kuni tunajua chakula kinaiva kwa macho kuwasha. Hapa kulikuwa na kamoshi kembamba, ka rangi ya samawati, kama pumzi ya mtu anayelala. Mama ambaye amewalea nyinyi kwa pipa la kukaushia nyama alikuja, akanusa, akasema moto huu ni bubu, tufunue tuone kama uko hai. Nikafunua. Dakika tano baadaye nikafunua tena. Yeye akafunua, mimi nikafunua, mshonaji naye akaombwa ushauri akafunua. Kila tukifunua joto lilishuka, na jiko likidhani limepoa likaongeza punje, na punje zikajaa kikombeni. Mara ya sita nilipofunua ukapanda mwali mmoja mpaka kwenye bati. Nilipoteza nyusi ya kushoto. Mdogo wako aliporudi kutoka kazini aliniangalia weee, kisha akauliza ile nyingine imechukua likizo ya siku ngapi.

Nakusimulia haya ya kuchekesha kwa sababu yalikuwepo, na kwa sababu mama alikuwa ndani yake. Tulikuwa tunajifunza pamoja. Gunia moja lililowa kwa mvua, punje zikavimba zikawa uji wa mbao, na ni yeye aliyesema tuzihifadhi kwenye ndoo zenye vifuniko. Ni yeye aliyegundua kwamba kuku akikaushwa maji kwa kitambaa na kuachwa wazi kidogo kabla ya kuingia jikoni anashika rangi nzuri zaidi. Mara ya nne tulipopika, na safari hii tulifunua mara moja tu, kuku walikuwa na rangi ya asali. Mama alichana kipapatio akatafuna kwa upande wake wenye meno, akalamba vidole. Halafu akasema bubu amesema. Ndani ya wiki mbili mafundi wa gereji walikuwa wanaagiza mapaja kila Ijumaa, na mwalimu mkuu wa shule ya jirani akaniagizia kuku kumi kwa ajili ya kikao cha wazazi.

Sasa kuhusu waya. Wewe umemfahamu mama miaka mingi kuliko mimi, unajua asivyoweza kuona kitu kimechomekwa kwenye soketi bila kazi. Ulinisimulia mwenyewe mlivyochapwa mkiwa wadogo kwa kuacha pasi kwenye umeme. Hilo ndilo lililobaki kichwani mwake wakati mengine yanavuja. Tangu mwaka jana amechomoa redio, amechomoa taa ya mezani mtu akiwa anasoma, na ile siku amechomoa friji tukakuta nyama inaelea. Na kwenye karatasi yako ulipigia mistari miwili neno moja tu. Ulisema tukimaliza kupika tubonyeze kitufe cha kuzima, kisha tuliache, feni iendelee kuvuma dakika kumi mpaka isimame yenyewe, na katika dakika hizo mtu asichomoe waya kwa sababu yoyote. Uliandika sababu pia. Moto uliobaki kikombeni ukikosa feni hautoki, unarudi nyuma, unatambaa kwenye bomba, unazifuata punje mpaka ndani ya sanduku. Nilimsomea mama hilo mara nyingi. Mdogo wako alifunga kitambaa chekundu kwenye waya ili akumbuke.

Jumatano iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kuku kumi wa mwalimu. Mdogo wako alikuwa kazini. Nyumbani tulikuwa watatu, mama, mimi na mtoto. Saa nane mchana kuku walikuwa wameiva, nikawatoa, nikabonyeza kitufe. Kilichotokea baadaye ulisimuliwa na mdogo wako jioni ile ile: kwamba kama saa tisa nilisikia harufu nikiwa ndani, nikatoka nikakuta sanduku la punje linafuka moshi mzito wa njano, ubao wa banda umeshika moto, na moshi unaingia dirishani mwa mama, chumba ambamo Bonge hulala mchana. Kwamba mshonaji aliruka ukuta na ndoo za maji. Kwamba alipofika alimkuta mama amesimama katikati ya moshi, waya wenye kitambaa chekundu uko mkononi mwake. Mshonaji akasema mbele ya watu wote, tena kwa huruma, masikini bibi kachomoa tena. Na hapo neno likawa limeshatoka, kila aliyekuja kuzima moto akaondoka nalo.

Mtoto tulimkimbiza zahanati. Mganga alimsikiliza kifua akasema amevuta moshi kidogo, kwamba dakika chache zaidi angekuwa anasema mengine. Mdogo wako alipolisikia hilo alikaa kwenye benchi la zahanati akaweka kichwa kati ya magoti. Akakupigia simu. Ulilia, nilikusikia, na ukasema haiwezekani tena, mama atamuua mtoto bila kujua, unamchukua Jumamosi hata kama itabidi umfungie mlango ukiwa kazini. Sikukulaumu. Mimi ningesema hivyo hivyo kwa yale uliyoambiwa.

Tangu siku hiyo mama anakalia mikono yake. Sitii chumvi, wifi. Anakaa kwenye kiti cha sebuleni, mikono ameiweka chini ya mapaja, ili isiguse kitu. Akitaka maji ananiomba nimshikie kikombe. Bonge anamtambalia na kumpandia miguuni akitaka kubebwa, naye anamwimbia, anamchezea kwa magoti, lakini mikono haitoi. Kesho yake asubuhi, Alhamisi, alinifuata jikoni nikiwa naosha chupa. Ameshazoea kuniuliza mambo ya siku yake. Huniuliza kama amekula, kama amemeza vidonge, kama leo ni siku ya kuoga, nami humjibu, naye huamini bila kubisha, kwa sababu ameniambia mwenyewe kwamba siku hizi anakumbuka kwa kichwa changu. Basi aliniuliza kwa sauti ndogo: mwanangu, wewe ulikuwepo, hivi ni mimi niliyeuchomoa ule waya?

Nilimwambia, labda, mama.

Wifi, hapa nilipoandika hivyo nimeweka kalamu chini, nikaenda kumwangalia mtoto, nikarudi. Sitaki kuizungusha tena.

Waya niliuchomoa mimi.

Soketi ya jikoni mdogo wako aliifungua wiki mbili zilizopita, na fundi nyumbani kwake huwa hana haraka. Ule waya mrefu wa bandani ndio tuliokuwa tukiutumia kwa kila kitu, na una tundu moja tu linalofanya kazi. Nilipobonyeza kitufe cha kuzima jiko Bonge alikuwa anaamka kwa kilio, njaa imemshika, na maji ya chupa yake yalikuwa bado hayajachemshwa. Feni ilikuwa inavuma. Niliitazama karatasi yako mlangoni, wifi, nakuambia ukweli, niliitazama ile mistari yako miwili, nikasema moyoni dakika tatu tu, birika likichemka narudisha. Nikauchomoa waya wa jiko, nikachomeka birika. Maji yalipochemka nilitengeneza chupa, nikaenda nayo kitandani kwa mama, nikalala ubavu nikimnywesha mtoto. Usingizi ulinibeba hapo hapo. Nilikuwa nimeamka tangu saa kumi alfajiri kuwaandaa kuku, na usiku wa kabla yake mtoto alikuwa na meno. Sisemi haya ili unihurumie. Nayasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Na sikusikia harufu yoyote. Hilo nalo nilidanganya. Kilichoniamsha ni sauti ya mama. Alikuwa uani akianua nguo, akaona sanduku linafuka, na ule waya ulikuwa umening'inia nilipouacha, umelalia ubavu wa jiko, plastiki inaanza kuyeyuka. Akaushika akauvuta pembeni, huku akiniita kwa jina langu la nyumbani, akiniambia mtoto, mtoto, mtoe mtoto. Niliamka chumba kimejaa moshi. Kama mama asingekuwepo uani, yale mengine ambayo mganga hakutaka kuyasema yangesemwa. Yule mnayemwondoa kwa kuhatarisha mtoto ndiye aliyemtoa mtoto.

Mshonaji aliposema bibi kachomoa tena, nilikuwa nimembeba Bonge, nakohoa, siwezi kuongea. Hiyo ilikuwa dakika ya kwanza, na ile ya kwanza najisamehe. Lakini zikaja dakika nyingine. Kwenye zahanati nilikuwa na mdomo. Mdogo wako alipokupigia simu nilikuwa na mdomo, nimekaa hatua moja kutoka kwake. Niliogopa mtasema nililala mtoto akiwa kwenye moshi, kwamba sifai kuachiwa mtoto wala jiko. Na kuna jambo jingine ambalo ni baya zaidi, nalo nalisema ili lisibaki ndani likaoza. Uliposema unamchukua mama, kuna sehemu yangu ndogo iliyopumua. Nilimhesabia kazi zake, vidonge, kuoga, kufua mashuka, maswali yale yale kila saa, nikaona mtu mmoja wa kulisha kwa kijiko anapungua. Nilipumua hivyo Jumatano jioni, na Alhamisi asubuhi yeye akanifuata kuniuliza, nikamjibu labda.

Nimekaa na neno hilo siku nne. Jana Jumatatu, mdogo wako alipokwishaondoka, nilimkalisha mama kitandani kwake nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akatoa mikono chini ya mapaja, akaitazama mbele na nyuma, kisha akaniambia kwamba kuchomoa waya si kitu, moto haujui umri, hata yeye aliwahi kuunguza nusu ya jiko la mama mkwe wake na hakuna aliyekufa. Lakini akasema: nilikuuliza. Nilikuuliza wewe kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza, ukanitazama usoni ukaniambia labda. Kwamba siku zote hizi amekaa juu ya mikono yake mwenyewe kama mtoto aliyeiba sukari. Akasema kama ndivyo, Jumamosi ataondoka na wewe, na si kwa ajili ya moto. Ataondoka kwa sababu hawezi kukaa nyumba ambayo hajui ajibiwalo kama ni kweli. Alisema hata kama kwako hakuna nafasi atalala karibu na mlango wa jikoni. Akaniomba nitoke. Nikatoka.

Saa tisa alitoka chumbani anatabasamu, akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia. Akakaa kwenye kiti chake, akaingiza mikono chini ya mapaja, akaniuliza kwa ile sauti ndogo kama ni yeye aliyechoma banda.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, wifi. Ukweli nilioutoa asubuhi kwa machozi ulikuwa umeshavuja wote. Hasira yake yote, ambayo ilikuwa haki yake, imekwenda. Kilichobaki ni ile labda yangu. Nikakaa sakafuni mbele yake nikamwambia tena, waya niliuchomoa mimi, na wewe ndiye uliyeniamsha. Safari hii hakukasirika, alilia. Leo asubuhi ameuliza tena nikamjibu tena, akacheka akasema alijua tu, mimi nina haraka kama mdogo wako. Sijui kesho atasema nini. Nitamjibu kila atakapouliza, hata iwe mara kumi kwa siku, mpaka ile labda itoke.

Mdogo wako nilimwambia jana aliporudi, kabla hajavua viatu. Alikwenda kuitengeneza soketi ya jikoni, akapiga nyundo muda mrefu kuliko soketi inavyohitaji. Leo ameniaga vizuri, lakini bado hajaniangalia sawasawa, nami sijamwambia aharakishe. Kwa mshonaji nilikwenda pia, nikamwambia mbele ya wateja wake wawili, akasema ah, kumbe. Jiko lenyewe si bovu sana. Skrubu ilikwama kwa punje zilizovimba na maji, mdogo wako ameitoa ameisafisha. Ubao wa banda ni wa kubadilishwa. Sijaliwasha tena, na sitaliwasha mpaka wewe, uliyenipa, useme kama bado unanipa. Ukisema hapana sitanuna.

Sasa nakuomba mambo mawili, na katika haya siombi kwa upole. La kwanza, wote uliowapigia simu ukawaambia mama amechoma nyumba, wapigie tena. Mjomba amesikia, shangazi amesikia, na mke wa mjomba ukimwambia kitu umekitangaza. Waambie ni mke wa mdogo wako. Usilipunguze wala usilipambe.

La pili, Jumamosi uje kama ulivyopanga. Mpaka siku hiyo mama atakuwa amesahau kwamba ameniudhikia. Ukimkuta hivyo, ukamuuliza unataka kukaa au kuondoka, atakuambia anataka kukaa na Bonge, nami nitakuwa nimepata ninachokitaka, maana nakitaka sana, wifi, nimejua hivyo tangu niliposikia kwamba anaondoka kwa kunichukia na si kwa kuzeeka. Lakini kupata kwa njia hiyo ni kumdanganya mara ya pili. Kwa hiyo ukishafika, ukishakula na kunywa, nitamkalisha nimweleze tena mbele yako, yote, pamoja na ile labda. Tutamwacha akasirike kama atakasirika. Halafu akiwa bado anakumbuka, wewe muulize. Akisema anaondoka, nguo zake nitazifunga mimi, na karatasi ya vidonge vyake nimeshaiandika, imo ndani ya bahasha hii ili uizoee. Akiuliza mara mbili mbili usimwambie ameshauliza. Na nakusihi usimfungie mlango.

Akisema anabaki, basi atabaki kwa kujua.

Mpe salamu zangu mwenzako wa zamu ya asubuhi, na umshukuru kwa nguo za mtoto, zimemtosha zote isipokuwa ile ya kijani, kichwa kimegoma kupita. Mdogo wako anakusalimu, amesema atakupigia mwenyewe. Mama hapa pembeni ameniuliza namwandikia nani, nikamtajia, akasema nikuambie ule vizuri na uache kusimama juu ya mguu mbovu. Ujitunze, uende polepole, na ukifika Jumamosi usigonge, mlango utaukuta wazi.

Ni mimi wifi yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Mama Bonge